"Muanike jua asubuhi": kesi ya manjano huanzia hapo

"Muanike jua asubuhi, yataisha." Akina mama wanaonijia ofisini na mtoto mwenye mtindio wa ubongo wameniambia maneno haya mara nyingi mno, hata siku hizi nayauliza kabla sijaambiwa. Nani alisema? Ilikuwa siku ya ngapi tangu ujifungue? Na alimvua mtoto nguo akamtazama, au alisema akiwa amekaa mezani kwake? Nikishapata majibu hayo matatu, huwa nimeshajua kama kuna kesi.

Kabla ya uwakili nilikuwa muuguzi wodi ya wazazi, kwa hiyo sina chuki na manesi. Najua usiku wa nesi mmoja na vitanda vilivyojaa wawili wawili. Lakini manjano ya mtoto mchanga hayahitaji mashine kubwa ili mtu ayashuku. Watoto wengi hupata manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, nayo hupotea yenyewe, ndiyo maana ushauri wa jua umezoeleka. Yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida kabisa. Hayo ni ya kupima damu siku hiyohiyo. Yakishafika viganjani na kwenye nyayo, ni hatari siku yoyote ile. Kwenye ngozi nyeusi huyaoni kwa kutupa jicho tu. Unambonyeza mtoto kifuani au puani kwa kidole, unaachia, unatazama rangi inayobaki, kisha unaangalia macho na fizi kwenye mwanga wa mchana.

Bilirubini, ile rangi yenyewe, ikizidi kwenye damu huingia kwenye ubongo. Mtoto hulala kupita kiasi, huacha kunyonya, kisha hulia kwa sauti nyembamba na kujipinda mgongo kama upinde. Kabla ya kufika huko kuna taa za buluu, na zikishindwa kuna kumbadilisha damu.

Sasa sheria. Lazima nithibitishe kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwa mtoto, kwamba ilifanya chini ya kiwango, na kwamba upungufu huo ndio uliomuumiza. La kwanza halina ubishi. La pili mahakama zetu hulipima kwa kanuni iliyotoka Uingereza, kesi ya Bolam ya 1957: daktari hana kosa iwapo alifanya kama ambavyo kundi la wataalamu makini wangefanya. Kesi ya Bolitho ya 1997 iliongeza kwamba desturi hiyo lazima iwe na mantiki. Hapo ndipo "wote tunawaambia waanike jua" inapoanguka. Wakili wa upande wa pili atakuja na utafiti wa Nigeria uliochapishwa 2015, ulioonyesha kwamba jua linaweza kutibu manjano. Ni kweli, nimeusoma. Lile lilikuwa jua lililochujwa kwa turubai maalumu, na watoto walipimwa damu na kufuatiliwa. Si mtoto aliyefungwa kanga tatu, akawekwa barazani dakika kumi.

La tatu, yaani chanzo cha madhara, ndilo linaloua kesi nyingi za uzazi. Mtoto aliyechelewa kulia huumia ndani ya dakika chache, na hospitali itasema aliumia tumboni kabla mama hajafika leba. Lakini manjano huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku, na huacha alama zake: viungo vinavyojinyonganyonga vyenyewe, usikivu ulioharibika, macho yasiyoweza kutazama juu, na kwenye picha ya MRI doa sehemu maalumu za ndani ya ubongo. Akili mara nyingi imo. Mtoto anaelewa kila kitu na hawezi kusema. Hili bado hunishinda kulizoea.

Jiandaeni pia kulaumiwa. Utaulizwa kama nguo za mtoto zilihifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si wa ajabu kwenye maeneo yetu yenye malaria, damu yake huvunjika kwa haraka akikutana navyo. Jibu langu kwa hospitali huwa fupi: hata kama ndivyo, siku mliyoletewa alikuwa bado anatibika.

Kuhusu muda, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu Tanzania Bara. Wa mtoto huanza kuhesabiwa akishakuwa mtu mzima, ila gharama zenu wazazi hazisubiri. Kama hospitali ni ya Serikali, notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki hutangulia, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, halafu shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Malalamiko kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika ni njia nyingine. Halilipi fidia, lakini linaweza kumfanya mtu ajieleze kwa maandishi, na maandishi nayapenda.

Faili liombeni mapema, kwa barua, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawapa haki ya kuzifikia taarifa zenu. Faili huwa "halionekani" kirahisi zaidi baada ya notisi kuliko kabla yake.

Na risiti! Fidia maalumu, yaani ya gharama mlizotoa, mahakama haikadirii; kila shilingi unaitaja kwenye hati ya madai na kuithibitisha. Mazoezi ya viungo, nepi, bodaboda ya kwenda kliniki kila Jumanne. Bodaboda hatoi risiti, basi nunua daftari, andika tarehe na kiasi, na usifute jumbe za M-Pesa.

Mama mmoja alinijia mwaka jana akiwa na mfuko wa plastiki tu, ndani kadi ya kliniki iliyolowa chai. Alikuja kwa sababu mwanawe wa miaka miwili hashtuki mlango ukibamizwa. Nilifungua kadi kutafuta tarehe, nikakuta kundi lake la damu: O hasi, kundi ambalo kinga ya mama inaweza kuvunja damu ya mtoto na kumletea manjano. Lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari chini tangu mimba ya miezi minne. Waliomruhusu kwenda nyumbani saa 20 baada ya kujifungua, mtoto akiwa tayari wa manjano, walikuwa na kadi hiyohiyo mkononi. Muhuri wao uko ukurasa unaofuata.

Notisi yake inatimiza siku 90 mwezi ujao.