Kioo Kilichokumbuka kwa Niaba ya Kompyuta

Mtu aliyekulia mbele ya televisheni za chogo huenda anajua kwamba picha zake zilichorwa mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, kuwe na kitu cha kuonyesha au kusiwe nacho. Skrini ya Type 30, iliyotumika na kompyuta ya PDP-1 ya kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation mwanzoni mwa miaka ya 1960, haikufuata mpango huo. Kioo chake cha mviringo, chenye kipenyo cha inchi 16, kilibaki cheusi mpaka programu ilipotaja nukta moja kwa namba mbili, ya mlalo na ya wima, ndipo mwale wa elektroni ukapindwa kwa sumaku hadi mahali hapo, ukawaka kwa kitambo kidogo, kisha ukazimwa. Wapenzi wa mitambo ya kale huihesabu katika ukoo wa skrini za vekta, ingawa kwa usahihi zaidi hii ni skrini ya nukta, na skrini za vekta zenyewe ndizo zilizochora mistari mizima.

Sababu ya mpango huo inaonekana ukipiga hesabu. PDP-1 ya kawaida ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 4,096, kila neno likiwa na biti 18 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), yaani biti 73,728 kwa jumla. Uwanja wa skrini ulikuwa na nafasi 1,024 kwa 1,024, hivyo kuhifadhi picha nzima, hata kwa biti moja tu kwa kila nafasi, kungedai biti 1,048,576, zaidi ya mara 14 ya kumbukumbu yote iliyokuwapo. Picha haikuwa na pa kukaa ndani ya mashine. Ilibidi ichorwe upya bila kukoma. Na kwa kuwa kila nukta ilichukua mikrosekunde 50, picha ya nukta 2,000 ingerudiwa mara 10 tu kwa sekunde, ikapepesa kiasi cha kuchosha macho.

Kilichookoa hali ni unga uliopakwa upande wa ndani wa kioo, fosfori ya aina ya P7, iliyojulikana tangu rada za Vita vya Pili vya Dunia. (Jina lisitupoteze: fosfori hii haina fosforasi.) Unga huo una matabaka mawili. Mwale hugonga kwanza tabaka la salfaidi ya zinki yenye fedha kidogo, nalo hutoa mmweko wa buluu unaotoweka papo hapo. Mmweko huo ndio unaoliamsha tabaka la pili, la salfaidi ya zinki na kadimiamu yenye shaba kidogo. Humo elektroni hunaswa katika kasoro ndogondogo za fuwele, na joto la kawaida la chumba huziachia kidogo kidogo, hivyo mng'ao wa kijani-manjano hubaki ukififia kwa sekunde kadhaa. Waendesha rada walifunika kioo kwa kichujio cha rangi ya machungwa ili buluu isiwasumbue. Kalamu ya mwanga, kifaa cha mkononi kilichoelekezwa kwenye kioo ili kompyuta itambue nukta inayolengwa, kinyume chake iliihitaji buluu hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyothibitisha kwamba nukta imechorwa sasa hivi.

Katika mchezo wa Spacewar!, ulioandikwa na Steve Russell na wenzake huko MIT, chuo cha Marekani, na kukamilika mwaka 1962, vyombo viwili vya angani vinavyopigana kuizunguka nyota huacha mikia ya kijani nyuma yao. Hakuna aliyeiandikia programu mikia hiyo. Kijinga cha moto kikizungushwa gizani huonekana kama duara kwa sababu jicho ndilo linalochelewa kusahau. Hapa kinachochelewa ni kioo chenyewe, na ndiyo maana mchezo huo ukionyeshwa kwenye skrini za leo, mng'ao huo hulazimika kuigwa kwa hesabu.

Anayekutana na skrini ya P7 anaweza kuitambua bila kuiwasha: afunge mapazia, amulike kioo kwa tochi nyeupe kwa muda mfupi, kisha aizime na kutazama kama unga utaendelea kung'aa. Kuifungua ni kazi ya fundi aliyezoea volti za maelfu, kwa kuwa chaji hubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa, na kioo kilichoondolewa hewa kinaweza kupasuka kwa nguvu. Ikishawashwa, nukta angavu isiachwe mahali pamoja muda mrefu, kwani huunguza unga na kuacha doa lisilofutika.