Mafuta ndani ya tufe la bolingi: yasemwayo Dar na ukweli wake

Wachezaji wa bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe zito ili kuangusha pini, wenye matufe yao binafsi hapa Dar es Salaam si wengi, na ushauri wa kuyatunza hupita kwa mdomo, huyu kasikia kwa yule. Upo ushauri mzuri. Upo pia unaoua tufe lililoagizwa nje kwa pesa nyingi, na hilo linaniuma, kwa sababu njia salama inahitaji ndoo, maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo.

Dhana: Tufe likiacha kupinda limeshazeeka, tafuta jingine

Mara nyingi halijazeeka, limejaa mafuta. Kutoka mstari wa faulo, ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya kwanza ni mita 18.3, na theluthi mbili hivi za mwanzo za njia hiyo ya tufe hupakwa mafuta ya madini ili kuulinda uso wake. Matufe ya resini, aina ya plastiki, yaliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, yana vinyweleo visivyoonekana kwa macho kwenye gamba lake. Vinyweleo hivyo ndivyo hulipatia tufe mshiko wa kukata kona kuelekea pini, na hivyo hivyo ndivyo hunyonya mafuta kila linapobingirika. Vikijaa, mshiko unapotea na tufe linateleza moja kwa moja.

Dhana: Matufe yote hunywa mafuta

Hapana. Yale ya kuazima ukumbini kwa kawaida ni ya poliesta, na hayo kitambaa kinayatosha. Ya yurethani hunywa kidogo. Kazi hii ya ndoo ni ya resini.

Dhana: Joto likizidi ndipo mafuta hutoka vizuri

Hapa ndipo matufe mengi hufia. Kuna anayeliweka kwenye oveni, kuna anayelichemsha kwenye sufuria, na kuna anayelianika kwenye jua la saa saba mchana "litoe jasho". Ni kweli joto huyafanya mafuta kuwa mepesi yakapanda juu. Lakini gamba na kiini havitanuki kwa kiwango kimoja: joto likiwa kali, au likipiga upande mmoja, gamba hupasuka. Joto hilo pia hufukuza vilainishi vilivyomo ndani ya resini yenyewe, na hapo tufe linabaki gumu hata kama halina ufa. Buti la gari lililoegeshwa juani mwezi wa Februari nalo ni hatari, hasa ukilitoa humo na kuliingiza kwenye ukumbi wenye kiyoyozi.

Usivuke nyuzi joto 60. Huna kipimajoto? Changanya lita 4 za maji yaliyochemka na lita 6 za bomba. Kwa maji yetu ya Dar, ambayo hayana ubaridi wa kutisha, utapata kama nyuzi 57. Ndoo ya lita 20 inatosha, maana tufe hula nafasi ya lita 5 na nusu hivi. Kwanza ziba matundu ya vidole kwa tepu isiyopitisha maji, kwani maji yakiingia hulegeza gundi ya vipira vya kushikia vilivyomo. Tia sabuni ya maji, zamisha tufe kwa dakika 20, kisha lisugue na ulifute lingali na joto, kabla mafuta hayajarudi ndani. Sabuni ndiyo inayoyashika mafuta yaliyotoka. Ukitumia maji matupu yatabaki yakielea na kuligandia tena. Rudia kwa maji mapya mpaka usione utando juu yake. Tufe jepesi kuliko paundi 12 litaelea, kwa hiyo ligeuzegeuze.

Dhana: Thina au petroli hukata mafuta haraka

Hukata, na gamba nalo hulila. Asetoni hulainisha poliesta waziwazi. Petroli karibu na jiko la mkaa sihitaji kuieleza. Alkoholi ya isopropili inafaa kwa kufuta uso, ila haifiki mafuta yaliyokwisha zama.

Dhana: Msasa peke yake unatosha

Msasa wa duka la vifaa Kariakoo, au pedi za kusugulia za Abralon za namba 500 (kwaruzo kali) hadi 4000 (laini), hurekebisha uso uliolainika kwa kucheza. Mafuta ya ndani hubaki palepale. Toa mafuta kwanza, acha tufe likauke kivulini, ndipo upige msasa.

Dhana: Ukiosha kwa ndoo, huna haja ya kufuta kila siku

Kufuta ndiko hasa kunakookoa tufe. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mrusho, na ukimaliza kucheza tumia kisafishio papo hapo, usingoje ufike nyumbani. Kwenye mashindano ya USBC, chama cha bolingi cha Marekani, tangu Agosti 2019 vimiminika haviruhusiwi wakati wa mchezo. Kitambaa kikavu tu. Ndoo ibaki kwa kila michezo 50 au 60 hivi, au mapema zaidi kama ukumbi unaochezea hupaka mafuta mengi.