Kupiga kufuli mtambo: kwa nini mashine iliyozimwa bado si salama

Katika kiwanda cha unga, skrubu inayosukuma mahindi kutoka ghala la juu imekwama. Opareta anabonyeza kitufe chekundu, mashine inanyamaza. Anafungua mfuniko na kuingiza mkono kuvuta kipande cha gunia kilichojisokota kwenye chuma. Ni kazi ya dakika tatu. Upande wa pili wa ukuta, mwenzake aliyekaa mbele ya paneli anaona taa ya skrubu imezimika. Anadhani imejizima yenyewe kama ilivyofanya jana, na anabonyeza kitufe cha kijani.

Huyu wa pili hakuwa na nia mbaya, na wa kwanza hakuwa mzembe: alizima kabla ya kugusa, kama alivyofundishwa. Kilichokosekana ni kitu cha kumzuia mtu mmoja asiwashe kile ambacho mwingine amekizima.

Kupiga kufuli mtambo maana yake ni hii: kabla mtu hajaingiza mkono, kichwa au mwili mzima ndani ya mashine, kila nishati inayoweza kuisogeza inakatwa kwenye chanzo chake. Pale ilipokatwa panapigwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayeingia, na juu ya kufuli inaning'inizwa lebo yenye jina lake. Viwandani wengi huuita utaratibu huu LOTO, kifupi cha Kiingereza cha "lockout/tagout", yaani kufuli na lebo, na kuutamka kama neno moja. Mimi nasema kupiga kufuli kwa sababu ukimwambia fundi "funga mashine", atakuelewa unataka aisimike mahali pake na kukaza bolti zake, na katika jambo la uhai na kifo haifai neno moja libebe maana mbili.

Tuanze na kitufe chekundu, maana ndicho kinachowaponza wengi. Kwenye mashine nyingi, kitufe cha kuzimia, hata kile kikubwa cha dharura chenye umbo la uyoga, hakiugusi umeme unaoendesha mota. Kinakata umeme mdogo wa udhibiti, ule unaoiamuru kontakta, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, ishike au iachie. Umeme mkubwa unabaki palepale, umesimama mlangoni. Vidole vya kontakta vikigandana kwa joto, mota haisimami. Waya wa udhibiti ukichubuka na kugusana na mwenzake, mota inaweza kuwaka bila mtu kugusa chochote. Ndiyo maana kufuli hupigwa kwenye swichi kuu ya mashine yenyewe, ile ambayo mafundi huiita aisoleta, inayotenganisha nyaya kabisa.

Na umeme ni nishati moja tu kati ya nyingi. Fundi mzuri hujiuliza: nini kingine kinaweza kuisogeza mashine hii hata kama nguzo zote za umeme zimeanguka? Kuna upepo uliobanwa kwenye mabomba ya kompresa, unaobaki na msukumo saa nzima baada ya kompresa kuzimwa. Kuna mafuta ya haidroliki, springi iliyokandamizwa, mvuke wa boila nyuma ya valvu inayovuja, gurudumu zito linaloendelea kuzunguka lenyewe. Kuna uzito mtupu: kichwa cha presi kilichoinuliwa juu kinataka kushuka, na kitashuka siku msukumo unaokishikilia utakapokwisha. Kuna inveta za mota, vile vifaa vya kurekebisha kasi, ambazo kapasita zake, yaani vihifadhi umeme vya ndani, hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa baada ya swichi kukatwa. Watengenezaji huandika muda wa kusubiri kwenye kifuniko, na muda huo si wa kukisia.

Katika kiwanda chetu cha unga, mlango ulio chini ya ghala la mahindi unaendeshwa kwa upepo. Ukikata umeme peke yake, valvu inarudi ilipokuwa kwa nguvu ya springi yake, na mlango unaweza kujisogeza wenyewe wakati fundi yuko chini yake. Kwa hiyo valvu ya upepo nayo inafungwa na kupigwa kufuli, halafu upepo uliobaki kwenye bomba unatolewa mpaka geji isome sifuri. Kichwa cha presi kinashushwa hadi chini au kuwekewa gogo la chuma. Tofauti ya kuzima na kupiga kufuli iko hapa: anayezima anaiondolea mashine amri, na anayepiga kufuli anaiondolea nguvu.

Kuna hatari nyingine inayowahusu zaidi watu wa nchi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, nayo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Saa nane mchana umeme unakatika, mstari mzima unasimama, na supavaiza anasema tutumie nafasi hii kusafisha mikanda. Watu wanaingia ndani ya mitambo kwa furaha kabisa, kwa kuwa kila kitu kimezimika na kila mtu anaona kimezimika. Jenereta la kiwanda linajiwasha lenyewe baada ya sekunde chache, au umeme wa gridi unarudi bila kupiga hodi. Mashine yenye kontakta inayojishikilia hubaki imezima mpaka mtu abonyeze upya kitufe cha kuwashia. Ile yenye swichi ya kuzungusha, kama iliachwa kwenye kuwasha, huamka papo hapo. Gizani, nani anakumbuka ipi ni ipi? Umeme uliokatika haujafungwa na mtu yeyote, na ufunguo wake hauko mfukoni mwa yeyote. Kiwanda kinachotaka kusafisha wakati wa giza kisafishe, lakini kwanza aisoleta zishushwe na makufuli yapigwe, kana kwamba umeme upo.

Oktoba 2012, huko Santa Fe Springs katika jimbo la California, Marekani, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki wa makopo cha Bumble Bee Foods aliingia ndani ya oveni ya mvuke yenye urefu wa zaidi ya mita 10. Mwenzake alipomkosa alidhani ameenda chooni. Oveni ikajazwa tani zaidi ya 5 za samaki, ikafungwa na kuwashwa. Mwili wake ulipatikana oveni ilipofunguliwa, karibu saa mbili baadaye. Waendesha mashtaka walisema kampuni haikuwa na utaratibu unaotakiwa wa kuhakikisha mtambo unabaki umezimwa wakati mtu yuko ndani, na mwaka 2015 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 6. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kubadilisha oveni, ili pasiwe tena na haja ya mtu kuingia.

Kisa hiki kinaeleza nguvu ya kufuli kuliko maelezo yangu. Kudhani kwamba mtu ameenda chooni ni jambo la kawaida kabisa. Kila siku kazini tunadhaniana hivyo. Kama ufunguo wa oveni ungekuwa mfukoni mwa aliyeingia, dhana hiyo isingemdhuru mtu. Wenzake wangejaribu kuwasha, wangekuta kufuli, wangesoma jina kwenye lebo, na wangeanza kumtafuta. Kufuli halihitaji watu wote wa shifti wawe na habari kamili, wala wawe macho saa zote, na mafunzo pekee hayawezi kutoa hilo.

Lebo bila kufuli, kwa upande mwingine, ni ombi tu. Karatasi iliyoandikwa "USIWASHE, FUNDI YUKO NDANI" huloa mafuta, hudondoka, au husomwa na mtu mwenye haraka ambaye anaamini fundi ameshamaliza. Kwenye paneli za zamani zisizo na tundu la kufuli kuna njia: kung'oa fyuzi na kwenda nazo, au kufunga mlango wa paneli wenyewe. Mashine ya kuchomeka inachomolewa, na plagi inakaa mbele ya macho ya anayefanya kazi.

Baada ya kufuli kupigwa kuna hatua ambayo watu huiruka kuliko nyingine zote, nayo ni kujaribu. Hakikisha hakuna mtu karibu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine ikiwaka, umejua kwamba umefunga swichi ya mashine nyingine, jambo linalotokea kwa urahisi pale ambapo maandishi ya paneli yamefutika au mota ilihamishwa na mchoro haukubadilishwa. Isipowaka, rudisha swichi kwenye kuzima. Fundi umeme ana jaribio lake la ziada: anapima kwanza kwa mita mahali anapojua pana umeme ili ajue mita ni nzima, kisha anapima nyaya anazotaka kuzigusa, kisha anarudi kupima pale pa kwanza. Mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali.

Kila anayeingia anapiga kufuli lake mwenyewe. Wakiwa watatu, fundi umeme, fundi mitambo na msafishaji, basi kwenye aisoleta kinawekwa kibano chenye matundu mengi na makufuli matatu yananing'inia hapo. Fundi umeme akimaliza mapema anaondoa lake na kwenda zake. Mashine bado haiwezi kuwaka. Kufuli la supavaiza haliwatoshi wote, hata kama ana nia njema, kwa sababu msafishaji aliye ndani ya tangi hajui supavaiza ameitwa wapi. Nakala za funguo zisitundikwe ofisini. Na kabla ya kununua, jaribuni ufunguo wa kufuli moja kwenye mengine. Kwenye makufuli ya bei rahisi unaweza kukuta ufunguo mmoja unafungua mawili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1844 ilikataza watoto na vijana kusafisha mitambo ya viwanda vya nguo ikiwa inazunguka, baada ya miaka mingi ya vidole na mikono kukatwa. Marekani ilitoa kanuni mahususi ya kupiga kufuli mwaka 1989, na mamlaka yao ya usalama kazini inakadiria kwamba kuifuata huzuia vifo 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka. Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usalama na afya kazini, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, inayotaka kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Zote zinambebesha mwajiri mzigo wa kuhakikisha mitambo haimdhuru anayeihudumia.

Lakini sheria haiko kwenye shifti ya usiku. Pale hushinda idadi ya mifuko iliyofungwa hadi alfajiri. Meneja akimuuliza opareta "mbona mmesimama dakika ishirini?" kabla ya kumuuliza kama ni mzima, ameshafundisha kiwanda kizima nini cha kufanya skrubu ikikwama tena. Malipo ya nyongeza yakihesabiwa kwa tani pekee, kila dakika ya kufuli inatoka mfukoni mwa mfanyakazi. Ni dhuluma kumpa mtu mashine, kumpa lengo lisilofikika akifuata utaratibu, halafu akiumia fomu iandikwe "uzembe".

Vibarua ndio huachwa nyuma zaidi. Fundi wa ajira ya kudumu ana kufuli lenye jina lake na amepata mafunzo. Kibarua aliyeingia getini asubuhi hii, akapewa ufagio na kuelekezwa chini ya mkanda, hana. Na kazi za hatari mara nyingi ndizo hizo za kwake: kusafisha, kuzibua, kuokota kilichodondoka, kazi ambazo hakuna anayeziita matengenezo na kwa hiyo hakuna anayezipigia kufuli. Kipimo kiwe wapi mwili unaingia, si jina la kazi. Mkono ukivuka pale ambapo kinga ya mashine ilikuwa, panahitajika kufuli, hata kwa kazi ya dakika moja.

Ukitaka kujua kama kiwanda kinapiga makufuli kweli, nenda kwenye ubao yanapotundikwa. Makufuli mekundu yanayong'aa, yaliyopangwa kwa mstari, bila mkwaruzo hata mmoja, yamenunuliwa kwa ajili ya mkaguzi. Ubao mzuri una mapengo, na makufuli yake yamechubuka na kushika grisi.

Kazi ikiisha, vifaa vinahesabiwa, kinga za mashine zinarudishwa, watu wanahesabiwa kwa macho na si kwa kuitwa majina, kisha kila mmoja anaondoa kufuli lake kwa mkono wake. Shifti ikibadilika kazi haijaisha, anayeingia anapiga lake kwanza ndipo anayetoka aondoe lake, ili pasipite hata dakika moja mtambo uko wazi.

Na ikiwa fundi ameenda nyumbani na ufunguo mfukoni? Apigiwe simu. Akiweza kurudi, arudi. Asipopatikana, meneja athibitishe getini kwamba ametoka, mashine ikaguliwe ndani yote kwa tochi, na ndipo kufuli likatwe, kwa maandishi na sahihi ya meneja mwenyewe. Asubuhi, kabla fundi huyo hajafika kwenye mashine, akutwe getini aambiwe kwamba kufuli lake halipo tena.