Fungate ya Pwani na Milima: Anzeni na Mwezi, Hoteli Baadaye

Wiki iliyopita bwana harusi mtarajiwa alinipigia simu kutoka Dar. Ndoa ni mwezi wa tisa, wana siku nane, gari wanalo, wanataka bahari na wanataka milima. Alikuwa ameshachagua hoteli tatu mtandaoni, akataka nimwambie ipi ailipie kwanza. Nikamuuliza: "Kaka, siku ya harusi mwezi utakuwa wa ngapi?" Akataja tarehe ya kalenda. Nikamwambia hapana, mwezi wa angani. Kimya kikapita, akadhani simu imekatika.

Ninaishi Tanga, na kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwapangia watu safari za gari kati ya Bagamoyo, Pangani na milima ya Usambara. Maharusi ndio wageni ninaowapenda kuliko wote. Ndio pia ambao safari yao huharibika upesi, kwa sababu wanafika wamechoka mno na kila mmoja anaona haya kumwambia mwenzake kwamba amechoka.

Watu wa pwani walilijua hilo zamani. Fungate ni siku saba. Maharusi walikaa ndani, wakaletewa chakula, hakuna aliyewatuma sokoni wala shambani. Mimi naichukua hesabu hiyo hivyo hivyo: usiku saba, na zile za mwanzo ziwe za kukaa, zisiwe za kukimbizana na barabara. Bibi harusi aliyesimama ukumbini na viatu virefu mpaka saa nane usiku, baada ya wiki nzima ya kesha, singo, hina na wageni waliojaa nyumba, hawezi kupandishwa msitu wa Magamba keshokutwa yake. Ataupanda, maana anampenda mumewe, lakini hataufurahia. Ndiyo maana pwani huja kwanza na mlima baadaye. Wengi huniomba kinyume chake, wapande kwanza ndipo wapumzike baharini. Huwa nakataa.

Msimu nao una neno. Waislamu wengi huoana Shaabani ili Ramadhani iwakute ndani ya ndoa, na miaka hii Shaabani inaangukia kati ya Januari na Februari: jua kali, kaskazi inavuma, maji ya Pangani yanaonyesha hadi chini. Hao wamebahatika. Wakristo wengi husubiri Kwaresima ipite, harusi zikafumuka baada ya Pasaka, na hapo ndipo masika inapokolea. Kwa Aprili na Mei nawaambia wazi wapumzike nyumbani, safari tuisogeze hadi mwishoni mwa Juni. Udongo mweusi wa upande wa Saadani ukilowa hunasa hata gari la juu, na ukungu wa Usambara unaweza kukaa siku tatu bila kukuonyesha hata mti wa jirani. Juni hadi Agosti ni kavu lakini kusi inapiga, kwa hiyo mambo ya bahari yamalizike asubuhi, na Lushoto mbebe masweta ya kweli. Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba ndiyo miezi yangu.

Njia yenyewe ni hii. Usiku wa kwanza Bagamoyo, tatu Ushongo au Pangani, mmoja Amani, mbili Lushoto.

Bagamoyo naiweka kwa sababu moja tu: kutoka Dar ni kilomita 70 na kidogo. Mnaondoka mchana baada ya kuamka bila saa ya kengele, mnafika jua halijazama. Kesho yake asubuhi piteni magofu ya Kaole, na kanisa la wamisionari waliofika 1868, pale mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Saa mbili zinatosha, kisha twendeni.

Kaskazini yake ni Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Kama mnataka kuona viboko wa mto Wami kwa boti, ingieni, lakini jueni kwamba kiingilio huhesabiwa saa 24 na malangoni TANAPA hawapokei fedha taslimu. Lipeni kwa namba ya malipo au kadi, na bebeni vitambulisho vya NIDA, maana bei ya Mtanzania si ya mgeni. Kabla ya kuondoka ulizieni pia habari za kuvuka mto kati ya Bweni na Pangani mjini. Ujenzi wa barabara mpya na daraja umebadilisha mengi upande huu, na mtu wa mwaka jana anaweza kukupa jibu lililopitwa na wakati.

Sasa nirudi kwenye mwezi.

Mbele ya Ushongo kuna kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti. Bahari ikaila, na leo kilichobaki ni mchanga mweupe uliozungukwa na matumbawe, unaojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga pale, na mayai huhamishiwa Ushongo ili maji yasiyafikie. Kwa watu wawili waliotoka kwenye umati wa harusi, sijui mahali pengine pwani hii panapofanana na pale: mnashuka botini, hakuna nyumba, hakuna kivuli zaidi ya turubai la nahodha, na nyayo za mchangani ni zenu.

Lakini mchanga huo una saa zake. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kila siku saa hizo husogea mbele karibu dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, na hata yakipwa hayaendi mbali. Sasa unganisha na upepo. Kusi hutulia asubuhi na kuchafua bahari mchana. Kwa hiyo siku nzuri ya Maziwe ni ile ambayo maji yanapwa saa nne au saa tano asubuhi, na siku hizo ni chache katika kila nusu ya mwezi. Ukiikosa, ukirudi wiki ijayo hutaipata.

Hili nilijifunza kwa maharusi waliokuwa na haki ya kunikasirikia. Nilikuwa sijazoea kazi. Nikawapangia Maziwe siku ya Jumamosi kwa sababu tu ratiba ilikaa vizuri, sikuangalia mwezi. Tulifika saa nne unusu. Mchanga ulikuwa kipande chembamba na mawimbi kutoka pande mbili yalikutana juu yake. Bibi harusi alikuwa amefunga kanga mpya ya doti aliyopewa na shangazi yake, na kikapu cha chakula amekipakata. Alitazama maji, akamtazama mumewe, kisha akakiweka kikapu chini taratibu ndani ya boti, akasema, "Basi tule humu humu." Tulikula tukiyumba, na kurudi upepo ukatulowesha wote. Hawakunilaumu. Tangu siku ile sipokei tarehe ya harusi bila kufungua jedwali la maji, halafu nampigia nahodha anayeujua mwamba ule, na maneno yake yakipingana na jedwali namsikiliza yeye.

Ndiyo maana nilimuuliza yule kaka habari za mwezi. Siku ya Maziwe ndiyo msumari, siku nyingine zote zinatundikwa hapo. Ikiangukia siku ya tano ya fungate, tunarefusha Bagamoyo. Ikiangukia ya pili, tunaanza Ushongo moja kwa moja. Hoteli hulipiwa baada ya hapo. Na botini kila mtu avae boya, hata anayesema amezaliwa Mafia.

Siku mbili zilizobaki Ushongo msizijaze. Jioni moja nendeni Pangani mjini, mtembee kwenye zile nyumba za zamani kando ya mto. Huu ndio mji aliponyongwa Abushiri bin Salim Desemba 1889, baada ya kuwapiga vita Wajerumani. Na maji mnayoyaona yakiingia baharini, rangi ya chai ya maziwa, yametoka Kilimanjaro na Meru. Inatosha.

Kutoka Pangani mnapita Muheza, mnanunua machungwa, mnapanda Amani. Kituo cha utafiti kilijengwa na Wajerumani mwaka 1902, msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Njia ya kupanda ni mbovu na ndefu kuliko ramani inavyosema, basi mwondoke mapema. Ua dogo la zambarau lililoenea kwenye vyungu vya nyumba za Ulaya lilichukuliwa kwenye misitu hii ya Usambara na kubebwa na afisa wa Kijerumani, von Saint Paul, na kwa jina lake wataalamu wakaliita Saintpaulia. Mwongozaji mwenye macho makali awaonyeshe likiwa kwenye mwamba wake, kivulini, jani lenye manyoya, dogo kuliko mlivyotarajia. Amani ni matembezi ya saa mbili tatu kati ya miti mikubwa, harufu ya iliki na mdalasini ikitoka mashambani. Miguu inaanza kuzoea. Hiyo ndiyo kazi yake katika safari hii.

Kisha Lushoto. Mnarudi barabara kuu, Segera, Korogwe, Mombo. Angalieni vibao vya 50 kila mnapoingia kijijini, trafiki wenye tochi hawako mbali. Mombo mnakata kulia, kilomita 33 za kupanda kupitia Soni. Ni lami, lakini ni nyembamba, kona moja inazaa nyingine, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Pigeni honi kwenye kona zisizoonyesha mbele. Wakati wa kushuka siku ya kuondoka ndipo pa hatari: msiikanyage breki kilomita zote hizo. Wekeni gia namba mbili, na kwa gari la otomatiki shusheni gia hadi 2 au L, injini ilishikilie gari. Mkisikia harufu ya breki kuungua, simameni mahali papana, mpumzishe magurudumu.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Siku ya kwanza nawapeleka Irente, mwendo wa kilomita 5 au 6 kutoka mjini, njia inapita katikati ya mashamba ya Wasambaa, kabichi na maharage, watoto wakisalimia. Muwe mmejifunza "onga maundo" ya asubuhi, mtaona nyuso zinavyofunguka. Shamba la Irente wanauza jibini, jemu na mkate, chukueni chakula chenu hapo. Ukingoni mwa mwamba ardhi inaisha ghafla. Chini kabisa ni mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na barabara mliyopita ni uzi, basi la Arusha ni punje inayotembea.

Siku ya pili ni msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuna kiingilio, na mwongozaji wa kijijini ni lazima kwenu hata kama mna ramani ya simu, kwa kuwa ukungu ukishuka njia zote zinafanana. Mtawaona mbega weusi na weupe wakiruka juu. Kanuni yangu moja kwa wawili: mwenye pumzi kidogo atangulie. Mwenye nguvu akiwa mbele humsubiri mwenzake kila kilele, na mwenzake akifika tu yeye anaanza tena kutembea, aliyechoka hapumziki kamwe. Nimeona mabishano ya kwanza ya ndoa yakianzia hapo. Viatu viwe vilivyokwisha valiwa, si vya dukani juzi, na kucha za miguu zikatwe fupi kwa ajili ya kushuka. Safari ya siku tatu kwa miguu hadi Mtae ni nzuri sana, lakini siwapi maharusi isipokuwa wote wawili ni watu wa milima. Irudieni mwakani.

Usiku Lushoto huwa baridi, ombeni blanketi la pili kabla hamjalala. Mkilala nyumba za wageni za taasisi za dini, bebeni nakala ya cheti cha ndoa.

Siku ya nane muwe mmeshuka Mombo saa mbili asubuhi. Mpaka Dar ni kama kilomita 330 zilizobaki, na foleni kuanzia Chalinze haijali kwamba mmeoana juzi. Soni simameni dakika kumi mnunue matunda ya msimu kwenye vikapu vya akina mama, mama mkwe atauliza mmemletea nini.