Kifafa cha tegu hakiulizi kama unakula nguruwe

"Sili nguruwe, tegu atafikaje ubongoni mwangu?" Hoja hiyo husikika sana Busia, nayo imepinda. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mlaji tegu wa utumboni. Kinacholeta balaa ubongoni ni mayai, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu huyo: mpishi asiyenawa mikono, kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu. Ukiyameza, yanaanguliwa tumboni; viluwiluwi hupenya utumbo, husafiri kwa damu na kujijengea vifuko ubongoni. Kifuko kikianza kufa, sehemu ile huvimba, na degedege huanza. Mla mboga naye yumo. Na nguruwe wanaozurura Busia, ambao watafiti wamewakuta na vifuko, wameambukizwa na sisi tunaojisaidia vichakani.