Acheni kuongeza paneli, pimeni maji kwanza

Juzi nimepigiwa simu tena na mwenyekiti wa kamati ya maji, wenye pampu ya sola kisimani. "Fundi, maji yamepungua, tuletee paneli nne." Nikauliza maji yanashuka mpaka mita ngapi pampu ikiwa inavuta. Kimya. Mita ya maji inasomaje? "Ipo, ila imekwama tangu mwaka juzi." Sasa hizo nne umezipata kwa hesabu ipi, mwenyekiti?

Jua la Dodoma halina shida. Shida ni kudhani sola ni paneli tu, ilhali wananchi wanakinga maji, hawakingi umeme. Kuinua lita 1,000 kwa mita moja kunataka wati-saa 2.7, haipungui hata ukiomba. Kwa mita 60 ni kama 163. Pampu na mota yake zikila 400 kwa kazi hiyo, sina ugomvi. Zikila 600, mchanga umekula mapanga yanayozunguka ndani ya pampu, au bomba linavuja humo humo kisimani. Bila mita ya maji na sensa ya kina, ile inayoning'inia kisimani kupima maji yako wapi, huwezi kuijua namba hiyo, na fundi anayekwambia "inapiga vizuri" anabahatisha.

Kisima kimoja kilikuwa kinaingiza lita 2,000 kwa saa. Jua likipanda, pampu ilikuwa inavuta 3,600. Dakika kumi tu, maji yanafika kwenye kinga ya ukavu, yaani pale pampu inapozimwa isizunguke bila maji; kontrola, kile kiboksi kinachoiendesha pampu, inazima na kusubiri dakika 30. Kisima kinarudi kwenye hali yake kwa dakika nane hivi. Zilizobaki pampu imelala, jua la saa sita linaunguza bati bure. Piga hesabu: lita 600 kila dakika 40, sawa na 900 kwa saa. Walikuwa wameshaongeza paneli, na kila paneli ilikuwa inawahisha tu kuzima! Nilipunguza kasi ya juu ya mota mpaka ikatoa 1,900. Maji yakawa mara mbili na zaidi, paneli zilezile.

Ndiyo maana ukinipa kina cha asubuhi, maji yametulia, hujanipa kitu. Nataka cha saa saba, pampu ikiwa kazini.

Na sensa yenyewe, jamani, msiikate waya! Ndani ya waya kuna kamrija kembamba ka hewa. Sensa inapima uzito wa maji juu yake, na hewa ya nje inalemea hayo maji pia; kamrija ndiko kanakoiondoa kwenye hesabu. Nimekuta waya umekatwa, ukaungwa, ukazungushiwa tepu nyeusi vizuri kabisa, kamrija kakazibwa. Kingine: kuna sensa zisizo na kamrija, zilizowekwa sifuri kwa hewa ya pwani. Ukiileta Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya bahari, inakudanganya zaidi ya mita moja ya maji. Halafu unalaumu kisima.

Mita ya maji: ifunge kwenye bomba lililonyooka, mbali na kona na valvu, bomba liwe limejaa. Basi.

Ila hapo mimi mwenyewe nimeshaaibika. Niliwahi kuiambia kamati pampu yao ni nzima kwa sababu mita ilisoma vizuri. Mama mmoja akanijibu, "Mwanangu, mbona tangi halijai?" Valvu ya chini, inayozuia maji ya bomba kurudi kisimani, ilikuwa inavujisha, bomba linakauka usiku, na kila asubuhi pampu inasukuma hewa kwanza. Mita inayozungushwa kwa mapanga haichagui, hewa nayo inaizungusha. Tangu siku hiyo natembea na ndoo ya lita 20, na saa ya simu, nipime inajaa kwa sekunde ngapi.

Kwa pampu ya shamba la familia moja, sina hakika sensa ya kina inarudisha gharama yake. Kamba ya kupimia yenye king'ora kinacholia ikigusa maji inatosha. Na kwenye maji yenye madini ya chuma, mdomo wa sensa unashika utelezi wa kutu, usomaji unakuwa mzito. Naisafisha kila miezi sita. Kwa nini sita? Nimekadiria tu.

Mwenyekiti nimemwambia asinunue kitu. Jumamosi naenda na kamba na ndoo, na nimeomba pampu iachwe iwake tangu asubuhi, nikifika saa saba nikute maji yameshashuka.