Jalada la Mteja Linapohamia kwenye Wingu

Mama mmoja alifika kwenye ofisi ya msaada wa kisheria akiwa na mfuko uliojaa karatasi. Kisa chake alikwisha kukieleza mara tatu: kwa msaidizi wa kisheria, kwa mtu wa mapokezi, kisha kwa wakili ambaye baadaye aliacha kazi. Jalada lilibaki ndani ya kompyuta ya wakili huyo, na nywila hakuna mwingine aliyeijua. Ikabidi aanze upya, mara ya nne, kusimulia alivyopigwa na mumewe.

Nilikuwepo kwa sababu niliitwa kurekebisha mtandao. Tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa kuhamishia majalada ya mashirika ya namna hii kwenye wingu, na swali langu la kwanza kwa kila shirika ni hili: mteja wenu anasimulia mara ngapi?

Wingu ni kompyuta zilizowekwa kwenye majengo ya kampuni nyingine, ambazo unazifikia kwa intaneti na kuzilipia kadiri unavyozitumia. Shirika dogo halilazimiki kununua seva wala kuajiri fundi wa kuilinda. Wakili akihama, jalada linabaki. Kompyuta ikiungua, nakala ipo. Tarehe ya kesi kutajwa na siku ya mwisho ya kukata rufaa zinaonekana kwa wote wanaolishughulikia shauri, hata aliyezipanga akiwa mgonjwa.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni ya kugundua mgongano wa maslahi. Asubuhi mke anafika tawi moja kuomba msaada wa talaka. Alasiri mume anaingia tawi jingine kwa shauri hilohilo. Kama kila tawi lina daftari lake, shirika linaweza kuwashauri wote wawili bila kujua. Mfumo ukiwa mmoja, karani anaandika jina la mume na onyo linatokea papo hapo. Ila onyo hilo lisiseme zaidi ya “kuna shauri linalohusiana, mwone msimamizi.” Karani akionyeshwa anwani mpya ya mke huku mume amekaa mbele yake, tumemweka mke hatarini kwa mikono yetu wenyewe. Utafutaji nao uvumilie tofauti za tahajia, kwani jina moja huandikwa kwa namna nyingi.

Kwa hiyo sianzi kupakia majalada kabla hatujakaa na kukubaliana nani aone nini. Anayejitolea kwa miezi miwili hana sababu ya kufungua mashauri yote. Kila anayefungua jalada aache alama: nani, lini, alifanya nini. Kuingia kuwe kwa hatua mbili, nywila pamoja na uthibitisho wa simu, na akaunti ya anayeondoka ifungwe siku hiyohiyo. Kanuni na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2012 kuhusu msaada wa kisheria katika haki jinai inasisitiza usiri wa mazungumzo ya mteja na wakili wake. Usiri huo haupungui kwa sababu maneno yamehamia kwenye seva.

Fomu ya kumpokea mteja nayo naipigania sana. Karibu kila fomu ina nafasi ya namba ya simu. Mimi huongeza maswali mawili: nani mwingine huishika simu hii, na saa ngapi ni salama kukupigia? Mfumo unaotuma ujumbe wenyewe wa kukumbusha tarehe ya shauri la talaka unaweza kuutuma kwenye simu iliyo mkononi mwa mume. Ujumbe wa aina hiyo naufunga mpaka mteja mwenyewe aridhie, na maneno yake hayataji shauri wala jina la shirika.

Mkataba na kampuni ya wingu usomwe na wakili. Data itakaa nchi gani? Sheria ya Marekani ya CLOUD Act ya 2018 inaruhusu mamlaka za huko, kwa hati halali, kudai data kutoka kampuni zilizo chini ya sheria zake hata kama seva ziko nje. Na mkitaka kuhama, mtapewa majalada yenu kwa muundo unaosomeka kwenye mfumo mwingine? Jibu hilo nalitaka kwa maandishi kabla ya sahihi, kisha naomba tujaribu kutoa jalada moja la mfano tukiwa wote mezani.